Kamera zenye kufichwa katika mashamba ya kakao: picha ikisha kupigwa, inaenda wapi?

Tuseme picha moja inaingia asubuhi katika grupu ya WhatsApp ya kijiji, mbele watu waende shambani. Ni picha ya usiku, nyeupe na nyeusi tu. Kunaonekana mugongo wa mutu, mufuko juu ya kichwa, na miti ya kakao kandokando. Chini kabisa kumeandikwa saa: 02:14. Sura haionekane. Lakini saa moja ya asubuhi haijafika, mutu huyo amekwisha kupewa jina. Saa mbili, vijana wanauliza nyumba yake iko wapi.

Huo ni mufano tu, hauhusu kijiji fulani. Lakini mukaaji wa Oicha, wa Mangina, wa Bulongo ao wa Biakato akiusoma, hatashangaa. Kamera ndogo zenye kupiga picha usiku bila mutu kujua sasa zinapatikana kwa dola makumi kadhaa, na wenye mashamba wenye kuchoka kuibiwa ni wengi. Watu wanazungumuza sana juu ya kamera yenyewe: inauzwa wapi, inaona mbali namna gani. Hawazungumuze sana juu ya saa mbili zile kati ya picha na nyumba ya mutu. Na huku kwetu mashariki, njo pale jambo lote linalala.

Kwanza inafaa kuelewa kwa nini mukulima anatafuta kamera. Mwanzoni mwa 2023, tani moja ya kakao kwenye soko ya dunia ilikuwa chini ya dola 3.000. Mwaka mumoja kisha, mwezi wa tatu 2024, ikafika dola 10.000, na mwezi wa 12 wa mwaka huohuo ikapita hata dola 12.000. Katika 2025 ikashuka tena. Kweli, mukulima wa Watalinga hakulipwa bei ya London na New York. Kati yake na bandari kuko wanunuzi wadogo, kuko wakubwa wao, kuko barabara za matope, barieri na ushuru. Lakini hata kile kidogo chenye kilimufikia kilitosha kubadilisha macho ya watu. Mufuko wa kakao ukawa minervali ya watoto wa sekondari, ukawa mabati ya nyumba. Na kitu chenye kuwa minervali kwako kinaweza kuwa minervali kwa mwizi pia.

Tena kakao ni rahisi kuiba. Muhogo, mwizi anachimbua na kutoka jasho. Kakao inaning'inia kwenye muti: anakata kwa panga, anapasua tunda, anatoa mbegu zenye utelezi, anaacha maganda palepale. Mwenye shamba anahitaji siku tano, sita za kuvundika mbegu, na siku zingine za kuzikausha juani mbele ya kuuza. Mwizi hafike kule. Kuko watu wenye wanapokea kakao ikingali mbichi, wanapima, wanalipa, hawaulize imetoka shamba gani. Mwenye shamba akikuta maganda chini, mbegu zimekwisha kuvuka mizani.

Sababu ya pili kila mutu anaijua. Tangu mwezi wa kumi 2014, wakati mauaji yalianza katika teritware ya Beni, watu wameuawa wakiwa shambani, panga ya kuvunia mukononi. Wengi walihama. Wanalala Beni-ville, Oicha ao Butembo, na shamba limebaki nyuma, mwendo wa saa nyingi kwa miguu. Zamani mukulima alijenga kibanda, analala pale wakati wa mavuno, ao analipa sentinele. Leo ni nani atalala pale? Kulipa kijana wa mutu mwengine ili achunge matunda ya kakao usiku, kando ya musitu wenye ADF wanapita, ni kununua maisha yake kwa bei ya chini sana. Kamera, hata ikikutwa, haina mama wa kuililia. Ukiangalia upande huo, mutu mwenye anaificha katika muti hana ubaya wowote. Anatafuta sentinele mwenye hafe.

Kifaa chenyewe si kigeni huku. Mwaka wa 2008, kamera zenye kutegwa katika musitu wa Watalinga, ndani ya Parki ya Virunga, zilipiga picha za okapi, na shirika la Uingereza ZSL pamoja na ICCN wakazitangaza kuwa picha za kwanza za munyama huyo akiwa huru porini. Wenye mashamba wanatumia chombo cha namna ileile. Ni sanduku dogo lenye rangi ya majani, linafungwa kwenye muti kwa mukanda. Ndani kuko kitu chenye kusikia joto: mutu, mbuzi ao imbwa akipita mbele, kamera inaamuka, inapiga picha ao video fupi, inalala tena. Usiku inawasha mwangaza wenye jicho la mutu halione. Zingine zinaonyesha nukta nyekundu ndogo wakati zinapiga, na mwizi mwenye mazoea anaitambua. Zingine hazionyeshe kitu hata kidogo. Picha zinabaki katika karte ndogo yenye ukubwa wa ukucha, mwenye shamba anakuja kuichukua. Kuko pia zenye kuingizwa SIM, zinatuma picha kwenye telefone, lakini zile zinaomba rezo na mega, na mashamba mengi yako nyuma ya kilima chenye hata kupiga simu ni kazi.

Muuzaji dukani anaonyesha picha za muchana. Inafaa kumuomba za usiku. Usiku, zaidi ya metre 15 ao 20, mwangaza unakuwa umechoka na mutu anageuka kivuli cha kijivu. Akiwa karibu sana, uso unakuwa mweupe kama karatasi. Akikimbia, anakuwa kama moshi. Kakao inapandwa chini ya kivuli, pamoja na migomba. Jani la mugomba lenye kupashwa na jua likichezacheza, kamera inaamuka na kupiga picha za jani mpaka pile zinaisha. Unyevu unaingia. Chungu wanajenga ndani. Na kwa sababu Beni iko karibu kabisa na ekwateri, jua linatoka na kuzama upande mumoja karibu mwaka muzima: kamera yenye kuangalia mashariki ao mangaribi inapofuka mara mbili kwa siku. Kaskazini ao kusini njo inafaa.

Kuko jambo lingine dogo lenye linaweza kuharibu kesi nzima, ni saa. Kamera zingine, pile zikitolewa, zinarudilia tarehe ya kiwanda. Mutu anapiga picha mwezi wa tisa, karte inasema mwezi wa kwanza wa mwaka wenye umepita zamani. Mbele ya OPJ, mwanasheria wa upande mwengine atauliza swali moja tu.

Lakini tuseme kila kitu kimeenda vizuri. Saa ni sawa, pile ziko, mutu alipita metre saba kutoka kwenye muti, uso wake unaonekana. Picha inasema nini? Inasema kwamba mutu huyo alipita.

Katika sehemu hizi, shamba ni njia. Mama mwenye anaenda kuchota maji anapita ndani ya shamba la jirani, kama mama yake alipita. Mutoto anafuata mbuzi. Watu wenye kuhama wanatafuta kuni, ao majani ya muhogo kwa ajili ya sombe ya mangaribi. Kijana ametega panya. Na yule mwenye kubeba mufuko saa nane za usiku? Anaweza kuwa mwizi, ndiyo. Anaweza pia kuwa baba mwenye alisikia risasi katika kijiji cha juu, akafunga kile kilikuwa karibu, akaacha barabara kubwa na kupita kati ya kakao kwa sababu giza la kakao linaficha. Ni watu wangapi wa Eringeti, wa Mbau, wa Kamango wamekwisha kupita mashamba ya wengine usiku, na vitu kichwani? Kamera haijue tofauti. Mutu mwenye hasira mbele ya telefone, mara nyingi, naye hajue.

Kisha kuko udongo. Sheria ya udongo ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973 inasema kama udongo ni mali ya Serikali na mutu anapewa konsesio tu. Kwa matendo, mashamba mengi yanashikwa kwa desturi, kupitia mashefu, bila sertifika yoyote, na mupaka ni muti, kijito, ao neno la muzee mwenye amekwisha kufa. Kamera yenye kufichwa kwenye mupaka wa namna hiyo itaona jirani akivuna miti yenye yeye pia anaita yake. Mwenye kamera ataita picha hiyo ushahidi wa wizi. Kumbe ni picha ya ugomvi wa udongo wenye ulikuwako mbele kamera ifike. Kwenye konsesio kubwa, zenye wenyewe wanaishi mbali, jambo linakuwa zito zaidi: mwenye uwezo wa kuweka kamera kumi katika miti ni mumoja, na wenye kuonekana ndani ni familia zenye zilikuwa zikilima pale mbele ya sertifika kuandikwa. Kila mutu anajua ni nani kati yao atasikilizwa kwanza.

Sheria inasema nini basi? Katiba inashika pande zote mbili. Kifungu cha 34 kinasema mali ya mutu ni takatifu, yenye kupatwa kwa sheria ao kwa desturi. Kifungu cha 31 kinampa kila mutu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya siri. Kifungu cha 17 kinasema mwenye kushitakiwa anahesabiwa kuwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho. Mwenye shamba anapenda kusoma kile cha kwanza, na hakuna wa kumulaumu, lakini vingine viwili viko katika kitabu kilekile.

Tangu tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, inchi iko pia na Code du numérique. Inalinda habari zenye zinaweza kumutambulisha mutu, na picha ya uso wake haiwezi kukosa kuwa kati ya hizo. Inaadhibu pia mutu mwenye anaanzisha ao kurudisha habari ya uongo juu ya mwengine kupitia mitandao: mwezi mumoja mpaka miezi sita ya kifungo, na amande. Hapa njo mwenye kamera wengi wanajidanganya. Wanafikiri kosa, kama liko, ni kuficha kamera. Lakini mutu mwenye anatupa picha katika grupu na kuandika chini yake «huyu njo mwizi wetu, ni fulani», na kumbe si yeye, amekwisha kuingia matatani kwa kidole kimoja. Na wote wenye walirudisha ujumbe wako nyuma yake.

Wizi wa kawaida, katika sheria ya makosa ya Kongo, ni kifungo cha miaka 5 kwa juu zaidi. Mutu akichomwa ao kupigwa mawe mpaka anakufa kwa ajili ya mufuko wa kakao mbichi, kile kimefanyika kinaitwa mauaji, hata kama watu walikuwa mia moja, hata kama kila mumoja alitupa jiwe moja tu, na mwenye kuwachochea anaweza kufuatwa pia. Wenye kuishi huku wanajua kwa nini watu wanafikia pale: mwizi anapelekwa polisi leo, kesho anaonekana sokoni akikunywa mandale. Hasira hiyo iko na msingi. Lakini kamera, badala ya kuipunguza, inaipa kuni kavu. Mbele, kundi la watu lilihitaji kumukamata mutu na mufuko mukononi. Sasa linahitaji picha ya mugongo.

Hayo yote yangekuwa hivyo hata katika inchi yenye amani. Huku kuko jambo lingine, na wenye kuuza kamera hawalisemi.

Kamera haijue kuchagua. Ikifungwa kwenye njia ya shamba karibu na musitu, itapiga picha kila kitu chenye joto: mwizi, lakini pia patruyi ya FARDC, wanajeshi wa Uganda wenye wako katika operesheni Shujaa tangu mwisho wa mwezi wa 11 2021, wapiganaji wa kikundi fulani wakienda kutafuta chakula, ao ADF wenyewe na watu wenye wamewateka. Picha hizo zinabaki katika karte. Ao, kama kuko SIM, zinaingia moja kwa moja katika telefone ya mukulima. Siku inayofuata mukulima huyo anapanda moto, anaenda Beni, anakuta barieri. Kila mutu mwenye anasafiri katika majimbo haya anajua kwamba telefone inaweza kuombwa na kufunguliwa. Ataeleza namna gani kwamba picha za wanajeshi, zenye tarehe, saa na njia yenye walipita, zilikuwa za kuchunga kakao? Na kama barieri si ya jeshi, ni ya wengine, kueleza kunakuwa kugumu zaidi.

Upande wa pili ni wa wale wenye wanaikuta. Sanduku dogo, rangi ya majani, limefungwa kwenye muti, wakati mwengine liko na antene. Katika eneo lenye limejua mabomu ya kutengenezwa kwa mukono, na lenye halijasahau mabomu ya mwezi wa sita 2021 katika muji wa Beni, hakuna patruyi itasema «ah, hii ni ya mwenye shamba». Watafikiri bomu, ao watafikiri upelelezi. ADF wakiikuta, watafikiri vilevile, na mashamba ya karibu yanaweza kulipa. Jirani mwenye hakuambiwa kwamba kuko kamera hana hata njia ya kujitetea: kitu kilikuwa kwenye mupaka wake.

Tena kusisahauliwe kwamba Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliingia katika état de siège tarehe 6 mwezi wa tano 2021, na kesi za makosa za raia zikapelekwa mbele ya mahakama za kijeshi. Mwezi wa kumi 2023 raisi wa Jamuhuri alitangaza kuilegeza polepole. Kwa mukulima wa kawaida inabaki swali la kila siku: malalamiko yangu ninayapeleka ofisi gani? Inafaa kuuliza mbele ya kubeba karte. Kufika na picha za njia za musitu mbele ya mwanajeshi mwenye hakukuita, bila kueleza kwanza, si kitu cha kujaribu.

Kuko pia mambo yenye watu wanaona haya kuyasema. Shamba njo choo cha watu wenye wanashinda pale tangu asubuhi. Wanawake wanaoga kwenye kijito kisha kazi. Kamera yenye kufichwa inaona na hayo. Katika India, pembeni ya hifadhi ya chui wakubwa ya Corbett, muchunguzi wa chuo kikuu cha Cambridge alizungumuza na watu 270 na kuonyesha, mwezi wa 11 2024, namna kamera zenye kutegwa kwa ajili ya wanyama zilibadilisha maisha ya wanawake wenye kuokota kuni. Mwaka wa 2017 picha ya mwanamuke mwenye alikuwa akijisaidia katika musitu ilitembezwa kwenye telefone za watu. Wanakijiji wakavunja kamera zenye zilikuwa karibu. Wanawake wengine wakaacha kuimba na kuzungumuza wakiwa msituni, wakaingia ndani zaidi ili wasionekane, pale wanyama wakali wako. Tofauti na huku ni kwamba huku, ndani zaidi, si wanyama tu wenye wanangoja. Mama wa Oicha mwenye anaacha njia fupi ya shamba kwa sababu alisikia kuko jicho katika muti, atapita wapi?

Haimaanishe kamera haina kazi. Iko nayo, lakini si pale wengi wanaiweka. Muti wa kakao katikati ya hekta tatu ni mahali pabaya: kuko majani, kuko wapita-njia, kuko vita, na mwizi ana pande mia za kuingilia. Depo ni kitu kingine. Mahali pa kukausha ni kitu kingine. Kule kakao ya wiki mbili imekusanyika pamoja, mulango ni mumoja, mutu mwenye kuingia usiku hana sababu nyingi za kuwa pale, na metre tatu zinatosha kuonyesha uso. Tena kule hakuna faida ya kuficha. Mwenye depo anapenda zaidi mwizi aone kamera na kurudi kwao kuliko kupata picha yake muzuri na mifuko haiko. Kibao kimoja cha Kiswahili na Kinande, «hapa kuko kamera», kinafanya sehemu kubwa ya kazi, na kinamuondolea mwenyewe shida za kesho: majirani wanajua, shefu wa kijiji anajua, wanajeshi wa karibu wameambiwa.

Wafanyakazi nao waambiwe. Wakulima wengine wanaficha kamera kwa sababu wanashuku wajurnalie wao wenyewe, na wakati mwengine wako na haki ya kushuku. Lakini mufanyakazi mwenye anavumbua kisha miezi mitatu kwamba alikuwa anaangaliwa akila, akipumzika, akijikuna, hatabaki, ao atabaki na kinyongo. Katika wakati wenye kupata mutu wa kukubali kwenda shambani ni kazi, huo ni hasara kubwa kuliko mifuko miwili.

Na kama picha imepatikana kweli, ya uso, ya mikono ndani ya mifuko? Karte inatolewa, haichezewe. Haikopiwe kwa rafiki. Inawekwa katika bahasha, na juu yake kunaandikwa tarehe, mahali, jina la mwenye aliitoa na la shahidi mumoja. Inapelekwa kwa OPJ pamoja na malalamiko, na mwenye kuleta anaomba jambo hilo liandikwe katika PV. Mbele ya muamuzi picha ni kitu kimoja kati ya vingine. Atauliza pia maganda yalikutwa wapi, mbegu ziliuzwa kwa nani, ni nani aliona. Hiyo ni kazi ndefu, inaomba transpoti na uvumilivu, na polisi wenyewe mara nyingi wanaomba «mafuta ya moto» mbele waende kuangalia. Kusema kweli, mutu akilinganisha na grupu ya WhatsApp, grupu ni ya haraka na haina malipo. Njo shida yenyewe.

Inabaki jambo moja lenye linasahauliwa katika mazungumuzo yote ya kamera. Mwizi wa kakao mbichi hakule mbegu zile. Anazipeleka kwenye mizani. Mutu mwenye kununua kakao mbichi saa kumi na moja za asubuhi, kutoka kwa kijana mwenye hana hata muti mumoja, anajua vizuri anachonunua. Kamera ya mwenye shamba inaangalia mwenye kubeba mufuko; mwenye kuupokea hajaangaliwa na mutu. Kama ushirika wa wakulima, shefu na wanunuzi wa kijiji wangekubaliana kwamba kila mizani iwe na daftari, jina la muuzaji na shamba lake, na kamera yenye kuonekana waziwazi juu ya meza, hakungekuwa musitu wa kuvuka, wala patruyi ya kupiga picha, wala mama mwenye anaoga. Katika centre ya Mutwanga, kwenye umeme wa Virunga unafika katika nyumba na maduka, jambo hilo halingeomba hata pile.